Kijapani cha Baba

Baba yangu alibakiwa na neno moja. Kiharusi kilimpata asubuhi moja kazini, Wattaya, hapa Maskati, kwenye ghala la spea za magari alikokaa miaka ishirini na kitu. Alipotoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yamekwenda: Kiswahili chake, Kiarabu chake, hata kile Kiingereza cha kazini. Lilibaki "sawasawa." Ukimuuliza anataka maji, sawasawa. Ukimuuliza anaumwa wapi, sawasawa. Akikasirika akapiga meza kwa mkono mzima, machozi yanamlenga, ni sawasawa hiyohiyo, ila kwa ukali. Mie nilikuwa na miaka kumi na minane na hasira za karibu, na kila nikilisikia neno lile nilitaka kupiga mayowe.

Na huyu alikuwa msemaji, jamani. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, na domo lake akaja nalo zima. Harusini watu walikuwa wakigombania kukaa karibu naye. Mama akimtuma dukani kuchukua mkate, mkate unafika baada ya saa nzima, kwa sababu kakutana na mtu.

Nilipokuwa na miaka mitano kampuni yao ilimpeleka Japani miezi mitatu, kujifunza mambo ya spea. Alirudi na jungu la umeme la kupikia wali na kanda mbili za video za katuni, zote Kijapani, bila ya neno moja la Kiarabu. Ilikuwa katuni ya msichana anayezunguka nchi kwa treni akimtafuta mbwa wake. Kila Ijumaa asubuhi tunakaa chini, mie mapajani mwake, na yeye anatafsiri. "Anasema nini, baba?" "Anasema ana njaa, anataka wali na papa." Nikaamini. Baadaye, niko sekondari, niliipata katuni ileile ina maandishi ya Kiingereza chini. Kumbe pale msichana alikuwa akimlilia mama yake aliyekufa! Nilimkabili: "Baba, muongo weye!" Alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini wimbo wa kufungulia aliujua kweli, wote, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa akiniimbia garini kila asubuhi akinipeleka skuli, anapiga usukani kwa vidole.

Mwaka mmoja baada ya kiharusi, rafiki yangu wa chuo, msichana mwenzangu, alinijia na karatasi mkononi, anatweta. Yeye wazee wake walitokea bara, na Kiswahili chake tulikuwa tukikicheka na yeye akikicheka chetu, lakini wazimu wetu wa anime, hizo katuni za Kijapani, ulikuwa mmoja. Karatasi ilisema kutakuwa na mkusanyiko wa wapenzi wa anime, Alkhamisi ya mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa skuli moja. Kutakuwa na michoro, mavazi, na mashindano ya karaoke. Tulikuwa hatujapata kusikia kitu kama hicho hapa kwetu. "Na weye unaimba," akasema. "Usijifanye huimbi. Nishakuandikisha."

Nilimtukana, kisha nikamkumbatia. Wimbo sikuwa na haja ya kuchagua.

Sharti lilikuwa uje na muziki wako usio na sauti ya mwimbaji, na maneno uyajue kwa moyo. Rafiki yangu akauchukua wimbo kutoka kwenye kanda, akautia kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, akahangaika kuitoa ile sauti. Haikutoka yote. Ilibaki kwa mbali, kama mtu anayeimba chooni mlango umefungwa. Maneno niliyaandika kwenye daftari kwa herufi zetu wenyewe. Kijapani hakina taabu, karibu kila kipande cha neno kinaishia na a, e, i, o, u, unakisoma kama unasoma Kiswahili usichokijua maana yake. Mama nilidhani atakataa, mtoto wa kike kuimba mbele za watu. Akaniuliza tu, "Ni hiyo ya mbwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya, hiyo ya mbwa haina neno."

Mazoezi niliyafanyia majlis, chumba chetu cha wageni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na spika kubwa. Na majlis ndiko alikolala baba. Nyumba yetu ya Mabela aliijenga mwenyewe, vyumba vyote vya kulala juu, na sasa ngazi zake mwenyewe zilikuwa zimemshinda.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama katikati ya zulia, nimempa baba mgongo, nimeshika brashi ya nywele badala ya maikrofoni. Nilipofika kwenye kiitikio nikasikia mtu anaimba nyuma yangu. Nikadhani ni yule wa chooni. Nikageuka. Baba alikuwa kakaa kitandani, macho kayafumba, anaimba. Maneno kamili, Kijapani kitupu, hata moja hakuliruka. Mama akatoka jikoni mbio, unga mikononi.

"Nani huyo?"

"Baba."

"Baba yupi?"

Wimbo ulipokwisha mama alipiga magoti mbele yake, akamshika uso, akauchafua wote kwa unga. "Sema jina langu," akamwambia. "Liseme tu. Jina langu." Baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Sawasawa," akasema, na machozi yakamtoka. Mama akampangusa kwa ukingo wa leso. "Haidhuru, bwana. Haidhuru." Halafu akanigeukia mie kwa ukali: "Umesimama nini? Washa tena hicho kitu chako!"

Tulikwenda kumuuliza daktari wake. Akatueleza kwamba kuimba kunapita njia nyingine kichwani, si ile ya kusema, tusije tukadhani maneno yamerudi. Mtu anaweza kuimba wimbo aliouzoea na bado asiweze kuomba maji. Ila mwacheni aimbe, akasema, kutamfaa. Mama alilishika hilo la mwisho tu, na mie, wallahi, nilifanya kama mama. Moyoni nikajiwekea kwamba leo wimbo, kesho jina langu.

Basi kila baada ya alasiri tukawa tunaimba wawili. Mama analeta chai, anakaa mlangoni, anatutazama kama yuko sinema. Baba alikuwa akichelewa kidogo kuingia. Kiitikio kikifika yeye anahitaji pumzi moja kwanza, ndipo sauti itoke, na ikitoka inatoka kubwa. Nikajifunza kumngoja. Ile pumzi yake nikaijua, nikawa naivuta na mie, kisha tunaingia pamoja. Sijapata kuwa na raha vile na mtu yeyote tangu siku hizo, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima, nina mume na watoto.

Mama akaamua. "Alkhamisi tunakwenda sote," akasema. "Baba yako atatoka nje, ataona watu." Alikuwa hajatoka mwaka mzima isipokuwa kwenda hospitali. Mama akaitoa kanzu nyeupe ya Idi, akaanza kumshonea kofia mpya, na baba kila akiiona ile kofia kwenye mapaja ya mama anaishika kwa mkono mzima, anaipima kichwani kabla haijesha. Tulicheka sana. Hapo hakuna aliyehitaji kutafsiri.

Siku ya Jumanne, wiki ya mashindano, rafiki yangu alikuja kunisikiliza. Nikawasha muziki, nikaimba, na kwenye kiitikio baba akaingia. Kwa mara ya kwanza nikamwona kwa macho ya mtu mwingine. Uso umempinda upande mmoja. Sauti kubwa, inakwenda kombo. Mate yanamshuka kidevuni na yeye hana khabari. Rafiki yangu alitazama viatu vyake mpaka wimbo ukaisha. Nilipomsindikiza mlangoni akaniuliza taratibu, "Na Alkhamisi atakuwepo?"

"Mama anamleta."

"Sasa ukianza kuimba, ataweza kunyamaza?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa akitupenda, mie na baba. Lakini swali lile lilinikaa rohoni. Nikauona ukumbi, nikaviona vichwa vyote vinageuka, nikamwona mtu ananyoosha simu yake anampiga video. Nikaona haya. Nimejaribu miaka mingi kulitafutia jina jingine, kwamba nilimwonea huruma, kwamba nilimkinga na watu. Si kweli. Nilimwonea haya baba yangu.

Siku ya pili yake nikamwendea mama. Alikuwa anapiga pasi ile kanzu.

"Mama, wamepiga simu. Wazazi hawaingii. Ni vijana tu."

Akaisimamisha pasi. "Hata yeye? Mgonjwa?"

"Hata yeye."

Mama alinitazama, na nadhani alijua. Kama angenigombeza pale pale ningemjibu vibaya, kisha ningelia, na mambo yangekuwa mengine. Hakunigombeza. Alisema, "Basi mwambie mwenyewe. Mie siwezi," akaendelea kuipiga pasi kanzu ambayo haikuwa na pa kwenda.

Nilimwambia Alkhamisi baada ya chai ya asubuhi. Nilikaa kitandani pake, nikasema haraka haraka: "Baba, leo nakwenda peke yangu. Weye utabaki na mama. Sawa?"

"Sawasawa," akasema.

Sasa sikilizeni. Sote nyumbani tulikwisha jifunza kuisoma ile sawasawa yake. Tukimtazama macho, tukimtazama mkono, tukijua ipi ni ndiyo na ipi ni hapana, ipi ni niacheni. Hakuna aliyekuwa akiijua kuliko mie. Siku ile sikumtazama macho wala mkono. Nililichukua neno kama lilivyo, nikambusu kichwani, nikaenda kutafuta viatu.

Ukumbi ulikuwa wa baridi, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho. Vijana wamevaa nywele za bandia za buluu na waridi, mapanga ya kadibodi, mmoja kajifunga mabawa hawezi kupita mlangoni. Nilikuwa nimeota mahali kama hapo tangu nimejua kusoma. Na kila upande nilioutazama kulikuwa na wazazi. Wazee na kanzu zao, kina mama na mabuibui yao na chupa za chai, watoto wadogo wanakimbia baina ya viti. Mstari wa mbele kulikuwa na babu mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na mjukuu wake alipoimba babu alipiga makofi ovyo, hayafuati muziki hata kidogo, na watu wakampigia makofi yeye. Hakuna aliyecheka.

Zamu yangu ikafika. Muziki ukaanza, nikaingia vizuri, sauti ikatoka safi, rafiki yangu chini ananirushia mabusu. Kikaja kiitikio, na mie nikamngoja baba.

Nilivuta ile pumzi yake na nikasita, kama nilivyozoea kila siku baada ya alasiri. Muziki haukunisubiri. Nilipostuka kiitikio kimekwisha nipita, nikakikimbilia, nikakosa neno, nikakosa na la pili. Yule wa chooni tu ndiye aliyesikika kwenye spika. Nikamaliza nilivyomaliza. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa watu wema, na nikashuka nikaenda kulia msalani mpaka rafiki yangu akanitoa.

Nilifika nyumbani baada ya maghribi. Baba alikuwa kakaa kwenye kiti karibu na mlango wa mbele, kavaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Mama akanivuta kando. "Tangu adhuhuri," akaniambia kwa sauti ya chini. "Aliionyesha kanzu kwa kidole mpaka nikamvisha. Kisha akakataa kuondoka hapo. Kila gari ikipita anataka kuinuka."

Nikapiga magoti mbele yake. "Nimeshindwa, baba," nikasema. "Nimeharibu." Baba hata sawasawa hakusema. Nikanyanyuka nikawasha muziki majlis, nikauongeza, nikarudi nikamshika mkono wake mzima. "Hebu tuimbe. Twende, mie na weye." Nikaanza. Kwenye kiitikio nikavuta pumzi, nikamngoja. Baba akanitazama usoni, kaifunga midomo. Wimbo ukaisha.

Nikajaribu kesho yake, na wiki nzima, na mwezi. Mama alijaribu. Tulimwekea kanda yenyewe, na treni na mbwa. Alikuwa akitazama vizuri tu, mpaka wimbo ukianza ndipo anageuza kichwa ukutani. Watu wa nyumbani wakasema labda ugonjwa umezidi. Mie nilijua kwamba mtu mwenye neno moja tu, na neno lenyewe ni sawasawa, alikuwa ametafuta mpaka akapata namna ya kuniambia hapana.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na hakuimba tena.

Miezi miwili baada ya mashindano tulimpeleka hospitali kwa miadi yake. Daktari akafurahi kutuona, akauliza, "Na kuimba je? Bado anaimba?" Mama akasema ameacha. Daktari akashangaa, akatutazama. Kimetokea nini? Kimemstua kitu? Kama kuna kitu tumwambie, akasema, huenda anaweza kusaidia. Mama akainamisha kichwa akaniachia mie nijibu. Baba alikuwa kakaa baina yetu, kanigeukia, ananitazama mdomo. Nilikuwa na lugha tatu na maneno yote ya kunitosha. Nikamwambia daktari sijui.