Betri ya Injini na Kanda ya Harusi

Jumamosi nilipeleka betri ya televisheni yangu kuchajiwa hapa Malindi, nikamkuta nahodha mmoja wa Mambrui ameitua betri ya mashua yake juu ya meza ya fundi.

"Shikamoo, nahodha," fundi akamwamkia. "Si juzi tu nilikuchajia?"

"Marahaba. Imekwisha tena. Tulikuwa baharini twasikiliza kanda ya taarabu, ya harusi ya binti yangu. Kutaka kurudi, injini haiwaki."

Fundi akaweka koleo chini. "Betri ya kuwashia injini ndiyo mwapigia redio?"

"Ile kanda ndefu, bwana."

"Sasa mlirudije?"

"Tulivutwa na mashua nyingine. Walisikia taarabu kwa mbali, wakaja nao wasikilize. Kufika, kimya. Wakanuna, kisha wakatufunga kamba."

"Basi redio iache nyumbani, mzee wangu."

Nahodha akamtazama kama aliyeambiwa auze mashua. "Nikiiacha, siku injini ikigoma ni nani atakayenisogelea?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka. Nikakumbuka kwangu: betri ikiisha na televisheni ikazima, majirani wote huvaa viatu wakaenda zao.