Alivuna Nilipopanda, Akaniita wa Mwisho

(Jina la aliyetuandikia tunalo sisi, na halitatoka kwetu.)

"Shule yangu iliongoza wilaya nzima. Ya mwenzetu huyu ilishika mkia." Hayo huyasema jirani yangu kila jioni kwenye kahawa, hapa Mchafukoge, akininyooshea kikombe, na watu hucheka. Ni uongo, na leo nauvunja.

Nina miaka hamsini na moja. Sote wawili tulikuwa walimu wakuu katika wilaya moja ndogo ya kusini, yeye bomani, mimi kijiji cha ujamaa. Watoto wangu walisoma asubuhi, mchana wakalima shamba la shule. Matokeo ya darasa la saba yalipolinganishwa, nikavuliwa ukuu, eti nafundisha jembe. Yeye akapandishwa cheo, akaletwa mjini. Mimi sasa nafundisha watu wazima Magomeni.

Lakini walioipandisha shule yake ni nani? Watoto wangu! Wenye akili waliofanya mtihani kwetu wakakosa nafasi ya sekondari aliwachukua, akawapa majina ya watoto wa bomani walioacha shule, wakarudia mtihani kwake. Nilinong'onezwa zamani, ila ushahidi sikuwa nao.

Majuzi, kwenye foleni ya unga Kariakoo, nikaona kisogo ninachokijua. Nikaita, "Saidi!" Akageuka kabla hajakumbuka kwamba siku hizi jina lake ni Dominiki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hesabu alikufundisha nani?"

"Wewe."

"Na anayetamba nazo?"

Akanivuta pembeni. Ni karani wa serikali, mama na wadogo zake wanamtegemea. "Mwalimu, mchome yule mzee, lakini moto utaanzia kwangu. Mama mwenyewe huniita Saidi kwa kunong'ona."

Nataka kumwona jirani yangu akinywa kahawa peke yake. Msiniambie nisamehe. Ila Saidi nilimshikisha kalamu kwa mkono wangu huu. Nifanyeje?

Wengine wote nyamazeni. Nawauliza ninyi mliofanya mtihani bomani kwa majina ya kuazima. Mpo, tena maofisini. Saidi akisimama peke yake ataungua. Mkisimama wote, atakayeulizwa ni aliyewagawia majina. Mhariri amenificha, lakini jirani yangu atanitambua, na ndivyo nitakavyo. Jumamosi jioni njooni kwenye kahawa. Nitawaita, mbele yake, kwa majina mliyopewa na mama zenu.

Geukeni.