Kufunga Maji ya Jua

Siku yangu ya kwanza katika atelier, karakana ya mabomba, chef, mkubwa wetu wa kazi, alinipandisha juu ya paa kabla sijaonyeshwa hata pa kutundika koti. Kulikuwa na sanduku pana la kioo, ndani yake bomba nyembamba za shaba zilizopakwa rangi nyeusi, na juu yake tangi. Jua linapasha maji bombani. Yakipata moto yanapanda yenyewe kwenye tangi. Adui yake, chef akanieleza, ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Usiku mbingu ikiwa wazi, maji yaliyosimama yanaganda, yanavimba, yanapasua shaba. Nikacheka moyoni: barafu, huku kwetu? Asubuhi moja nikaikuta kwenye majani, kucheka kukaniishia.

Basi kila jioni tulikuwa "tunafunga". Neno moja, kazi tatu: unafunga robinet, ile koki ya tangi, unafungua ya chini maji yatoke, unafungua ya juu hewa iingie. Bila hewa maji hayashuki.

Wakati wa Sécession, jimbo letu lilipojitenga na nchi, njia zilikatika kwa vita. Sisi watu wa nchi ya shaba, lakini bomba zenyewe zilitoka Ulaya, na atelier haikubakiwa hata na moja. Chef alinikumbusha kila siku kwamba bomba ya maternité, hospitali ya uzazi upande wa Kampemba, ikipasuka, watoto wataogeshwa maji ya baridi.

Jioni moja vizuizi vya askari vilirudisha gari letu. Chef akampigia simu mkunga mkuu wa maternité, mama mmoja wa Kasai, akamwambia afunge. Akaweka simu chini, ameridhika. Mimi sikuridhika hata kidogo: kwa mtu asiye wa atelier, kufunga ni kufunga tu. Nikachukua baiskeli, nikapita vichochoroni kwa hofu.

Nilifika jua likizama. Mkunga alikuwa mlangoni.

"Nilifunga, baba. Nilikaza kabisa."

"Na maji iko wapi, mama?"

"Iko mu bomba. Ingeenda wapi?"

Nikapanda. Robinet ya chini ikatoa matone mawili, basi. Ya juu ilikuwa imeshikwa na chokaa. Nikaigonga, nikaibembeleza, nikaitukana. Ilipoachia, maji yakaanza kumwagika, bado vuguvugu.

"Hapana kumwanga," mkunga akaniita kutoka chini. "Kuko mama moya iko anazala, na mu tangi hamuna tena kitu."

Akaleta mabeseni, nikakinga. Mtoto akaogeshwa maji ambayo mimi nilikuja kuyatupa.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu, lakini bomba zilikuwa salama. Tangu siku ile hatukumwaga tena chini. Kila jioni mkunga alikuwa akiningoja na mabeseni yake, mpaka njia zikafunguliwa.

Sasa niko pensheni. Hutokea mzee mwenye mvi ananipisha njiani, ananiita baba. Namwuliza alizaliwa wapi. Akisema maternité ile, miaka ile, mimi namshika mkono tu, na ninarudi nyumbani nimefurahi kweli.