Kinyozi Sasa Huuliza: Majani Yapi?

Uvumi ulianzia dukani, ukanifuata mpaka jikoni: uwanjani kwa jirani yetu nesi kuna nyoka, amemeza paka wa watu. Paka wa nani, hakuna aliyejua. Lakini ukiwa na binti ambaye mpira wake kila siku unaangukia upande ule wa uzio, utatulia vipi?

Leo asubuhi Kinyozi yuko uwanjani humo, anageuza nyasi kwa fimbo. Anatafuta mawe kabla hajawasha mashine. Jicho lake la kushoto bado jekundu.

Jina hilo amepewa kwa kazi yake ya kukata nyasi za watu. Wengi mtaani wanazitaka fupi kama zulia. Jirani yangu fundi cherehani akiona jani limechomoza, humwita arudi: "Kinyozi, hapa umeniachia kishungi."

Nesi, mama aliyestaafu, ameacha uwanja wake uote unavyotaka, na vipepeo wamejaa. Akiambiwa ni pori, ana jibu lake.

"Nimenyoosha mashuka ya wodini mpaka nikastaafu. Na nyasi nazo nizinyooshe?"

Uvumi ulipokolea, fundi alikwenda kumwomba afyeke. Walizungumza kwa adabu, kila mmoja akashika lake. Mwishowe nesi akakubali jambo moja: majani makavu yaliyorundikana chini ya mti yaondolewe, nyoka akose pa kujificha. Akamwita Kinyozi. "Mwanangu, nitolee majani," akamwambia, kisha akaingia ndani kunywa chai.

Kwa Kinyozi, majani ni nyasi. Akawasha mashine, akaanzia mlangoni. Nyasi zilikuwa za magotini, chini hakuonekani kitu. Mashine ikagonga kigae kilichovunjika, kipande kikamrukia jichoni.

Nesi alitoka mbio. Akamshika mikono asijisugue, akalifunika jicho kwa kikombe cha plastiki ili lisiguswe, akakifunga kwa kitambaa, wakaenda hospitali. Daktari alisema jicho limepona kwa bahati.

"Nilijua basi tena, mke wangu nitamwona nusu," anasema Kinyozi. "Mwenyewe akaniambia nusu hiyo inatosha kunichunga."

Nyoka hakuonekana. Paka alikutwa stoo kwa fundi cherehani, amezaa juu ya vipande vya vitambaa, mzima kabisa.

Fundi bado anataka zulia lake. Nyasi za nesi zinaota upya, ila kando ya uzio amekubali zikatwe, na amempa Kinyozi miwani ya kazi. Kinyozi naye hataki kuacha kazi hii. Anataka tu kuifanya akiwa na macho mawili mpaka uzeeni, na kila mteja akisema majani, anamwomba anyooshe kidole.

Wazazi wenzangu, tuepuke haya:

Kuacha watoto karibu na mashine inayokata, hata nje ya uzio.

Kukata nyasi ndefu kabla ya kuzikagua kwa fimbo.

Kufanya kazi hiyo bila miwani.

Kusugua jicho lililoumia.

Kusema "majani" bila kuonyesha yapi.

Kutangaza nyoka ambaye hujamwona.

Na mtoto kuruka uzio kufuata mpira. Apite mlangoni kwa nesi, apige hodi.