Nililaumu Pikipiki kwa Laptop Niliyoiua Mwenyewe

Mimi ndiye niliyeua ile laptop. Nianzie hapo, kabla mdomo wangu haujaanza kunitetea kama ulivyozoea.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Kiirua. Watu huniita fundi, na jina hilo lilinipanda kichwani. Mutwiri, mkulima wa viazi kutoka Kibirichia, aliniletea kwa pikipiki laptop ya mkewe, Kagendo. Kagendo ni mwalimu wa chekechea, na Jumanne alikuwa na interview ya kazi kwa mtandao, ambapo angeonyesha somo kwenye skrini. Spika ilikuwa haitoi sauti. Kazi ya nusu saa, hivyo tu.

Spika niliirekebisha. Lakini nikaona BIOS, ile programu ya ndani kabisa inayoamsha mashine kabla ya Windows, ni ya zamani. Hakuna aliyeniomba niiguse. Nilitaka tu Mutwiri akirudi nimwambie nimemfanyia na update, anisifu mbele ya wateja.

Kompyuta yenyewe ilinionya. Betri yake ilikuwa imekufa, inategemea waya wa stima, na ikaniandikia kwamba haiwezi kuendelea bila betri yenye chaji. Mimi najua njia ya kuilazimisha. Nikailazimisha.

Hapa ndipo ninapoona aibu hata kuandika. Mita ya stima tunatumia pamoja na jirani yangu anayechomelea mageti, na tunanunua token, umeme wa kulipia kabla, kwa zamu. Asubuhi nzima mita ilikuwa inalia kwamba token zinaisha. Zamu ilikuwa yake, kwa hivyo nilikataa kununua. Nikasema acha ziishe, ajifunze. Kiburi cha kijinga! Nikabonyeza update, jirani akawasha mashine yake ya kuchomelea inayokula stima, na kabla kazi haijafika nusu, stima ikapotea.

Token zilipowekwa, nilibonyeza kitufe cha kuwasha mpaka kidole kikauma. Taa moja ndogo iliwaka, skrini ikabaki nyeusi. Kifaa cha kuandika upya BIOS iliyokatizwa sina, na kuipeleka kwa fundi mwenye nacho kule Meru mjini kungenilazimu nieleze ilikufaje.

Mutwiri alirudi saa kumi. "Fundi, imekuwa sawa?"

"Spika ilikubali," nikamwambia, "lakini mashine imezima kabisa. Inakaa ilitikisika sana kwa pikipiki."

Akaitazama pikipiki yake pale nje. Kisha akasema, "Basi ni mimi. Nilipita kwa mawe nikiwa na haraka."

Akaniomba msamaha kwa kunisumbua. Mimi, niliyemuulia mashine!

Kagendo alifanya interview kwa simu ya mumewe. Somo halikuonekana vizuri, na kazi akapewa mwingine. Mutwiri mwenyewe ndiye aliyenisimulia sokoni. Alisema mkewe hamgombezi, ila siku hizi akimsikia anawasha pikipiki, anaingia ndani na kufunga mlango.

Wiki hii Mutwiri aliingia kibandani na vumbi mpaka magotini, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka ya mtoto. Ilikuwa laptop ya shemeji yake, wameiazima. Kagendo ameitwa interview nyingine, na Mutwiri alitaka nihakikishe mashine haina shida.

"Safari hii sikupanda pikipiki," akaniambia akitabasamu. "Nimetembea nayo kutoka nyumbani, pole pole, isitikisike."

Nikampa kiti na maji. Ukweli sikumwambia; akaniachia laptop akarudi nyumbani.

Nyinyi mnaoshika mashine za watu, msiguse BIOS kama hakuna shida inayowalazimu. Ikibidi, mwenye mashine ajue kwanza, faili iwe ya modeli hiyo hiyo, betri iwe na chaji, waya uwe umechomekwa. Na mkanunue token bila kuuliza ni zamu ya nani. Mashine ikikufia mkononi, sema imekufia mkononi. Mimi nilitafuta mtu wa kumwachia kosa, na nikamwachia mtu mwema kuliko mimi.

Laptop ya shemeji iko sawa, sikuongeza wala kupunguza kitu. Kesho naipeleka Kibirichia mwenyewe, nimwambie Kagendo kila kitu mbele ya mumewe. Nitaenda kwa mguu.