Gunia Lililopumua

Harufu ya vumbi la makala, yale makaa ya kupikia, bado hunibana kifua. Mwaka ule wa vita, nyumbani kwetu, mtaa wa Hewa Bora hapa Lubumbashi, gunia la makala lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, na ndani yake mama alikuwa ameficha kodiani ya baba, kinanda chake cha kuvutwa na kusukumwa. Askari waliopita nyumba kwa nyumba walichukua redio, magodoro, hata masufuria. Lakini makala, alisema mama, huchafua mikono ya mwizi. Kampuni ya madini ilikuwa imeacha kumlipa baba zamani. Riziki yetu ilitoka matangani: wafiwa walimwita apige, wakamrudisha na unga. Kodiani ikienda, bukari, ugali wetu, nayo ingekwenda. Wakubwa walituambia mvumilivu hula mbivu. Mimi niliwaona wavumilivu wa mtaa wetu wakila bukari kwa chumvi.

Nilizijua kodiani tatu. Ya mzee mmoja wa reli ilikuwa ya pembe sita, ya kushikwa viganjani, ikilia kama mbuzi. Ya parokia ilikuwa kubwa, yenye meno meupe na meusi kama kinanda, na sauti yake nene ilitetemeka. Ukivuta, ukisukuma, jino moja lilitoa sauti ileile. Ya baba, aliyoachiwa na babu, ilikuwa ya vifungo, kali kama filimbi, na kila kifungo kilikuwa na sauti mbili: moja ya kuvuta, nyingine ya kusukuma.

Mchana mmoja askari aliingia, akalipiga gunia teke. Gunia likatoa pumzi ndefu, kama mgonjwa anayegeuka kitandani.

“Eh, mama, makala yenu inapumuaka?”

Askari akaichomoa kodiani, nyeusi tii, akampa baba. “Papa, piga. Kama iko muzima, inaenda na mimi.”

Baba akaanza wimbo wa matanga ambao hata mimi niliujua kwa moyo. Palipotakiwa kusukuma, alivuta. Palipotakiwa kuvuta, alisukuma. Vidole havikukosea hata kimoja, lakini wimbo ulitoka umevunjikavunjika. Niliogopa kuitazama mikono yake, nikaogopa zaidi nilipoona askari anaitazama.

“Padri wa kwetu alikuwa na ya meno,” akasema. “Ile haifanyake hivi. Hii yako iko na tibe ya kifua, papa!”

“Ni makala, chef,” baba akajibu, kama anavyojibiwa mkubwa wa jeshi. “Imekufa.”

Askari akacheka, akaitupa juu ya gunia, akatoka na kiti chetu.

Mama alimshukuru Bikira Maria. Jirani alilishukuru vumbi. Kesho yake, matangani, niliusikia wimbo uleule ukitoka mzima, nikaanza kujiuliza swali ambalo chuo kikuu hakikulimaliza: askari alidanganywa, au alijua, akaamua kutuachia? Baba, sasa mzee, hunijibu kwa kukohoa.

Siku hizi, kwenye harusi za hapa Lubumbashi, kinanda cha umeme huiga kodiani ya kila aina kwa kubonyezwa mara moja. Watu wanacheza. Mimi naitazama mikono ya mpigaji, nasubiri pumzi, haiji. Wanasema amani imerudi. Lakini mlango wangu ukigongwa, kabla ya kuuliza ni nani, nasikiliza kwanza upande wa makala.