Chai ya Theluji

Sasa nacheka, lakini siku ile nilitamani sakafu ipasuke inimeze (na sisi tunakaa ghorofani, sijui ningeangukia sebuleni kwa nani).

Mama mkwe alikuja kututembelea hapa ughaibuni, Etobicoke, kutoka Lushoto, na majani ya chai ya kwao, na kule chai ya rangi unaona mpaka chini ya kikombe. Niliyompikia mimi ilitoka nyeusi tii, imefubaa, na juu ina utando unaokatikakatika ukiugusa na kijiko. Akaiangalia weee. "Mke wa Yusufu, vikombe hivi huwa unavisuuza?" ("Mwanangu" hakuwahi kuniita, mimi ni mke wa Yusufu tu.) Mume wangu akajaribu kunitetea: "Mama, siyo sabuni, maji ya huku magumu, yana chokaa."

"Magumu? Kwani mnayatafuna?"

Basi nikajua atarudi Lushoto na habari kwamba mwanawe kaoa mchafu, na iliniuma, maana nilitaka anipende. Jumamosi akina mama wa msikitini walikuwa waje kumsalimia, nami nikakumbuka shuleni tulifundishwa maji ya mvua ni laini, nikajisemea kwani theluji si mvua tu iliyoganda, nikashuka na sufuria, nikachota ile nyeupe kabisa kando ya njia ya kuingilia jengo letu, nikaichuja, nikaichemsha. Chai ikatoka, jamani, nyekundu, imetakata, utando hakuna. Mama mkwe akainua kikombe dirishani akasema mbele ya wageni, "Hii sasa ndiyo chai," na mimi kichwa kikavimba.

Wakanywa. Mgeni mmoja akatafuta leso, mwingine akaanza kusifia sambusa. Binti yangu Zuhura, ambaye umwulize nini kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiingereza, siku hiyo Kiswahili kikamjia fasaha: "Mama, umetia chumvi."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba msimamizi wa jengo kila asubuhi humwaga chumvi njiani kuyeyusha barafu, watu wasiteleze. Ikabidi niseme yote, theluji, vikombe, yote.

Mama mkwe akaenda jikoni, akasuuza vikombe kwa mikono yake mwenyewe, akapika chai nyingine kwa maji ya bomba. Utando ule ule. Akauengua kwa kijiko, ukarudi. Akakamulia ndimu, utando ukapotea na rangi ikafunguka, akaileta sebuleni.

"Nimekula chumvi nyingi," akawaambia wageni, "ila kuinywa ndiyo leo."

Wakacheka mpaka yule wa leso akaihitaji tena. Kisha mama mkwe akanigeukia. "Kaa unywe, mwanangu. Vikombe vyako visafi."

Theluji sichoti tena, hata ianguke nyeupe namna gani. Ndimu kwangu hazikosekani, na akipiga simu kutoka Lushoto, kabla hata ya kumwulizia Yusufu, huanza na mimi: "Mwanangu, maji bado magumu?"